Modeli ikijiandikia masharti yenyewe: tuyaite masharti, au ni mchoro uliogeuzwa maneno?

Fundi_Kamalondo · #1
Wakubwa, jambo. Niko mwaka wa mwisho Politekniki hapa Lubumbashi. Memwari yangu (kazi ya kumaliza masomo) ni kituo cha kutoa maji mgodini: sampu moja (shimo la kukusanyia maji), pompi tatu, kidhibiti kimoja, umeme wa mtandao na jenereta ya akiba. Nimekichora chote kwa SysML, lugha ya kuchora mifumo: bloku (sehemu za mfumo), mchoro wa shughuli, mchoro wa hali, thamani za vipimo. Mwongozaji wangu ameipenda modeli, kisha akasema nimletee masharti kwa maandishi, yaani sentensi za yale ambayo kituo lazima kiyafanye.

Sikukaa kuyaandika. Nimetunga kiolezo kinachopita ndani ya modeli na kutoa sentensi. Kila mpito kutoka hali moja kwenda nyingine unazaa sentensi, kila tendo sentensi, kila thamani sentensi. Mfano:

S-014. Wakati kituo kiko katika hali ya KUSUBIRI, maji yakifika kiwango cha juu, kidhibiti lazima kiwashe pompi ya 1.
S-015. Wakati kituo kiko katika hali ya KUTOA, umeme ukikatika, kidhibiti lazima kiingie hali ya KUSIMAMA.
S-031. Pompi lazima itoe mita za ujazo 450 kwa saa.

Umbo la sentensi nimelitoa kwa EARS, utaratibu ambao Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce waliutangaza mwaka 2009: hali kwanza, tukio la pili, kisha mfumo na jambo ambalo lazima ulifanye. Mchoro wa hali unaingia humo bila kulazimishwa.

Dai langu ni hili: ukiwa na modeli nzuri, kuandika masharti kwa mkono ni kufanya kazi ileile mara mbili, na ile mara ya pili ndiyo inayoleta makosa. Nikigusa modeli, maandishi yanabadilika hapohapo. Faili nzima nimeiambatisha. Nani anapinga, na kwa sababu gani?

Mwalimu_BelAir · #2
Napinga. S-014 si sharti. Nani alikuomba pompi ya 1? Mwenye mgodi anataka maji yasivuke kiwango fulani, wachimbaji watoke wazima, mitambo isizame. Pompi ngapi, na ipi itangulie, hayo ni majibu yako wewe. ISO/IEC/IEEE 29148 ya mwaka 2018, kiwango cha kimataifa cha kuandika masharti, inataja sifa 9 za sharti moja moja, na mojawapo ni kwamba sharti likae katika ngazi yake, lisimfunge mbunifu mikono bila sababu.

Tena hili si suala la mtindo wa kuandika. Siku ya majaribio utashika S-014 na kuuliza: pompi ya 1 imewaka? Imewaka, basi kituo kimefaulu. Lakini kama modeli imekosea, sentensi imekosea pamoja nayo, na jaribio litafaulu vilevile. Unajipima kwa rula uliyoikata mwenyewe.

Binti_Katuba · #3
Mwalimu, kwa heshima zote, umeangalia ngazi moja tu. Kwa mwenye mgodi S-014 ni jibu, hilo nakubali. Lakini yule atakayeandika programu ya kidhibiti hajui mgodi wala mwenye mgodi. Kwake S-014 ni sharti kamili: amepewa, hana ruhusa ya kuligeuza, na atapimwa nalo. Uamuzi wa ngazi ya juu ndio unaokuwa sharti la ngazi ya chini. Hata mradi ulioandikwa kwa mkono tangu mwanzo unakwenda hivyo.

Kwa hiyo swali la Fundi lingekaa vizuri zaidi hivi: modeli ya ngazi gani inazaa masharti ya ngazi gani? Modeli inayoonyesha ndani ya kituo inaweza kuzaa masharti ya sehemu zake. Masharti ya kituo chenyewe haiwezi kuyazaa, kwa sababu yalipaswa kuwepo kabla yake.

Kisanga_Dev · #4
Mnajichosha bure. SysML ni ya 1997, imeshazeeka. Mimi nilichukua faili ya modeli kama ilivyo, nikaipa akili bandia, nikasema "niandikie masharti". Ndani ya dakika moja nilikuwa na kurasa zilizonyooka kuliko za kiolezo, zenye hata utangulizi. Violezo ni mambo ya wazee.

Likasi_Umeme · #5
@Kisanga_Dev #4, ya 1997 ni UML, lugha ya kuchora programu, ndipo OMG, shirika la viwango, ilipoipitisha. SysML ilitoka kwenye UML baadaye, toleo 1.0 likachapishwa 2007. Na toleo la pili limepitishwa 2025, kwa hiyo uzee huo hauna.

Tofauti ya matoleo hayo inagusa uzi huu moja kwa moja. Katika SysML ya kwanza, sharti ni kisanduku chenye namba na maandishi, basi. Mashine haijui maandishi yale yanasema nini. Ukiandika "pompi iimbe" itakubali. Katika toleo la pili sharti lina mhusika wake, lina dhana zinazochukuliwa kuwa kweli, na lina vizuizi ambavyo lazima vitimie, vilivyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuvikokotoa. Hapo sentensi ya lugha ya kawaida inakuwa sura moja tu ya kitu ambacho tayari kimo. Anayetaka kujaribu bila leseni ya pesa nyingi atafute SysON, programu huria ya kuchora SysML ya pili. Kwa wanaotumia Capella, programu nyingine ya kuchora modeli, kuna M2Doc, inatoa hati ya Word kutoka kwenye modeli kwa kiolezo unachokipanga mwenyewe.

MzeeWaKenya · #6
Watoto, nawasalimia. Kwa wasio wa hapa, Kenya yangu ni komini ya Lubumbashi, si ile inchi. Mimi nilitumika ku egzori, kutosha maji mu mgodi, mbele ya pensheni. Ile michoro yenu siijue kusoma, lakini maandiko nasoma. Nimesoma ile faili yote yenye mtoto wa Kamalondo ametuma.

S-015 inasema umeme ukikatika, kituo kinasimama. Sawa. Kiisha? Umeme ukirudia, ni nani anakiwasha? Nimetafuta mbele na nyuma, hakuna. Delestaji, ile kukata umeme kwa zamu, inapita usiku, umeme unarudia, na maji inaendelea kupanda, sababu kidhibiti kimesimama kinangoja mtu. Siye tulikuwa na mtu wa kulala pembeni ya pompi juu ya ile sababu tu.

Fundi_Kamalondo · #7
Mzee, asante sana. Nimefungua mchoro: mpito wa kutoka KUSIMAMA haupo. Mwongozaji wangu alipitia mchoro huohuo, na wenzangu darasani pia. Nimeongeza kwa kila pompi:

S-016. Wakati pompi iko katika hali ya KUSIMAMA na maji yako juu ya kiwango cha chini, umeme ukirudi, pompi lazima iwake.

Lakini hili linatia nguvu dai langu. Mzee hasomi SysML. Kama si sentensi, tundu hilo lingebaki humo mpaka mgodini.

Mwalimu_BelAir · #8
Linatia nguvu langu pia. Kiolezo chako hakikuona kwamba kitu kinakosekana. Aliyeona ni mtu aliyelala karibu na pompi. Modeli inazaa yaliyomo, na sharti lenye thamani kubwa mara nyingi ni lile ambalo hakuna aliyelichora.

Likasi_Umeme · #9
Ngojeni kwanza, msishangilie S-016. Mota ya kawaida ikiwashwa moja kwa moja kwenye laini huvuta mkondo mara 5 hadi 8 ya ule inaoutumia ikishakuwa inazunguka. Fundi ana pompi tatu, kila moja ina mchoro wake wa hali, na kila moja sasa ina S-016 yake. Umeme unarudi, zote tatu zinawaka sekunde ileile. Disjonteri (swichi inayojikata mkondo ukizidi) inaruka. Umeme unakatika, zinaingia KUSIMAMA, disjonteri inarudishwa, zinawaka tena zote tatu. Na kama umeme uliorudi ni wa jenereta, hiyo jenereta inakufa palepale.

Soma S-016 peke yake: haina kasoro. Ina hali, ina tukio, inapimika. Ziweke tatu pamoja, umejenga kituo ambacho hakiwezi kuamka. Kiolezo kinachotembea bloku kwa bloku hakitakuambia hilo kamwe. Mimi nimeliona kwa macho, kwenye mgodi ambao siutaji, na waliokaa kutafuta ubovu wa nyaya walikuwa mafundi wazuri. Nyaya hazikuwa na tatizo lolote.

Binti_Katuba · #10
@Likasi_Umeme, hapo sikuungi mkono wote. Kiolezo hakitakuambia, lakini modeli ingeweza. Ukiendesha michoro mitatu ya hali kwa pamoja na kujumlisha mkondo wa mota, ile sekunde itajionyesha kwenye grafu. Kosa ni kutoa maandishi kabla ya kuiendesha modeli. Mimi ningeweka kanuni: hakuna sentensi inayotoka kwenye sehemu ya modeli ambayo haijawahi kuendeshwa.

Likasi_Umeme · #11
Ukijua kwamba mkondo wa kuwasha ni wa kujumlisha. Anayejua hilo tayari angeandika sharti la kuachanisha pompi kwa sekunde kadhaa, akiwa na modeli au bila modeli.

Kisanga_Dev · #12
Narudi kwenye akili bandia, maana mmeipita. Nimeipa faili ya Fundi usiku huu. Imeandika S-014 na S-015 vizuri, na imeongeza hili: "Joto la beringi ya pompi lazima lisizidi nyuzi 80." Nimetafuta kwenye modeli, hamna joto, hamna beringi.

Mwalimu_BelAir · #13
Basi limebuniwa. Lifute.

Binti_Katuba · #14
Ningefuta ile 80, nisingefuta beringi. Kwa sentensi za akili bandia ninashika sharti moja gumu: kila sentensi ibebe kitambulisho cha kipande cha modeli kilichoizaa. Isiyo na kitambulisho haiingii kwenye hati, inakwenda kwenye orodha ya maswali ya kuwauliza watu wa mgodini. Namba isiyo na chanzo ni hatari hasa kwa sababu inasomeka kama namba ya kweli. Mtu atanunua sensa (kihisi) ya nyuzi 80, mwingine atapanga kengele ya nyuzi 80, na baada ya muda hakuna atakayeweza kusema ilitoka wapi.

MzeeWaKenya · #15
Beringi iwekwe. Pompi zinakufa kwa beringi mbele ya vyote. Namba iulizwe kwa mwenye kutengeneza pompi.

Kisanga_Dev · #16
Asante Mzee. Kwa hiyo mashine iliona jambo ambalo modeli na mwalimu hawakuliona. Na msidharau: NASA walipoteza chombo chao cha Mirihi, Mars Polar Lander, kwa sababu upande mmoja ulihesabu kwa paundi na mwingine kwa nyutoni. Akili bandia ingesoma hati zote mbili na kupiga kelele.

Binti_Katuba · #17
Kisanga, hicho ni chombo kingine. Cha vipimo ni Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999. Polar Lander kilipotea 3 Desemba 1999, na kisa chake ndicho kinachotuhusu hapa.

Miguu ya kutua ilifunguka kikiwa bado juu, mita 1,500 hivi. Mshtuko wa kufunguka uliweza kuzifanya sensa za miguuni zitoe ishara fupi, kana kwamba zimegusa ardhi. Waliobuni walilijua. Hati ya masharti ya mfumo ilisema data za sensa hizo zisianze kutumika mpaka mita 12 juu ya ardhi. Lakini lilipofika kwenye masharti ya programu, lile tukio la ishara ya uongo halikutajwa. Programu ikahifadhi ishara ya mguu uliofunguka, na ilipofika wakati wa kuzitumia (programu ilianza kwenye mita 40, si 12) ikaiona tayari ipo: tumegusa, zima injini. Bodi ya uchunguzi ilisema hicho ndicho chanzo kinachoelekea zaidi, injini zikizimwa kama mita 40 juu.

Ninavyolisoma mimi: sentensi ilikuwepo juu, ikapunguka maana mikononi mwa watu ilipokuwa ikishushwa. Kuzalisha masharti ya chini kutoka kwenye modeli moja, bila mkono wa kunakili, kunaziba njia hiyo hasa.

Mwalimu_BelAir · #18
Ninavyolisoma mimi: lililopotea ni sababu. Namba ya mita 12 bila kueleza kwamba miguu ikifunguka inatoa ishara ya uongo, ni namba tu. Mwandishi wa programu hakuambiwa anaogopa nini. Sasa tazama sentensi za Fundi, zote: hakuna hata moja yenye "kwa sababu". Mchoro wa hali hauna mahali pa kuweka sababu, na kiolezo hakiwezi kuchota kisimani pasipo maji.

S-031 ni mfano mwingine. Mita za ujazo 450 kwa saa, kwa kuinua maji mita ngapi? Pompi ileile ikiinua juu zaidi inatoa kidogo zaidi. Muuzaji atakuletea pompi ya 450 kwenye meza ya majaribio ya kiwandani na atakuwa ametimiza neno lako.

Fundi_Kamalondo · #19
Hilo la S-031 nalichukua, nitaiunganisha thamani na mwinuko wake na mkunjo wa pompi (grafu ya maji inayoyatoa kwa kila mwinuko) ili kiolezo kitoe vyote kwa pamoja. La sababu: kila kipande cha modeli kinaweza kubeba maelezo. Naweza kulazimisha kiolezo kikatae kutoa sentensi kama uga wa sababu uko tupu.

Mtoto_wa_Kadutu · #20
Jambo kutoka Bukavu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtoto wangu ndiye anasoma mambo haya na amenionyesha uzi. Nimejaribu kubadilisha jina katika kiolezo chenu: nikiweka "mfumo" mahali pa "pompi" kinatoa "Mfumo lazima itoe". Nikiweka vali kwa wingi kinatoa "Vali zote lazima kifunge". Kila bloku ipewe ngeli yake kama mnavyoipa uzito na urefu, kiolezo kichukue kiambishi humo. Bila hivyo msomaji atachoka ukurasa wa pili, na aliyechoka hasomi S-015 kama alivyoisoma Mzee.

Fundi_Kamalondo · #21
Mwalimu wa Kadutu, nimeliingiza. Umoja na wingi kwa kila bloku. Asante.

Himbi_Ziwani · #22
Nawaletea kisa cha huku Goma, ambacho naona kinamsaidia Mwalimu. Kilindi cha Kivu kimebeba gesi iliyoyeyuka: kaboni dioksidi kama kilomita za ujazo 300 na methani kama 60. Upande wa Rwanda, KivuWatt, mtambo wa umeme wa gesi hiyo, inazalisha karibu megawati 26 tangu 2016. Inavuta maji ya chini sana, kwenye mita 350 hivi, gesi inajitenga yanapopanda, maji yanarudishwa ziwani.

Chora mtambo huo kwa SysML: bomba, kitenganishi, kisafishio, kikandamizi. Endesha kiolezo. Utapata masharti mazuri ya bomba na kitenganishi. Sharti ambalo sisi wa ufukweni tunalitegemea kwa uhai wetu ni kwamba tabaka za maji ya ziwa zisivurugwe, kwa sababu ndizo zinazoishikilia gesi huko chini. Na ndilo linaloamua maji yarudishwe kina gani. Sharti hilo halimo ndani ya mtambo, limo ziwani. Wataalamu waliokaa na kuandika kanuni za uvunaji wa gesi ya Kivu walianzia ziwani, mtambo ukafuata.

Binti_Katuba · #23
Weka ziwa kwenye modeli. Mazingira ni bloku kama bloku nyingine: tabaka, msongamano, chumvi, maji yanayoingia na kutoka. Mpaka wa mfumo unachorwa na mtu, hautoki mbinguni.

Himbi_Ziwani · #24
Nani ataniambia nichore tabaka na nisichore samaki, au volkano? Anayejua kwamba tabaka ndizo za kuogopwa amekwisha kuandika sharti kichwani kabla ya kuchora. Sipingi kuchora, napinga kusema mchoro ndio uliolizaa.

Mama_Kolwezi · #25
Samahani naingia na jambo la pembeni. Mimi niko katika kamati ya kijiji kimoja karibu na mgodi. Tangu Kodi ya Migodi (code minier, sheria ya migodi) ilipobadilishwa kwa Sheria Na. 18/001 ya 9 Machi 2018, kampuni inatakiwa kusaini kaye ya masharti (daftari la ahadi zake) na jamii: barabara, maji, shule, zahanati, na ratiba yake. Yetu ni nene na hakuna anayeweza kusema kipi kimetimia. Je, hii mashine yenu inaweza kutuandikia kaye kutoka kwenye mipango ya kampuni?

Binti_Katuba · #26
Mama, asante kwa kuuliza. Msiifanye hivyo, nakuomba. Kaye iliyozalishwa kutoka kwenye mipango ya kampuni itawapa yale tu ambayo kampuni imekwisha kupanga. Nyinyi mmekaa mezani ili kuingiza yale ambayo haikuyapanga. Kinachoweza kuwasaidia ni upande wa pili wa kazi hii, ufuatiliaji: kila ahadi ipewe namba, mwenye kuitimiza, tarehe, na namna ya kuthibitisha kwamba imetimia. "Kisima" peke yake si ahadi. "Kisima kinachotoa maji mwaka mzima, kimepimwa mwezi wa kiangazi mbele ya kamati" ni ahadi. Jedwali la kawaida linatosha. Niandikie pembeni, nitawasaidia kulipanga.

Mwalimu_BelAir · #27
Natia saini chini ya #26 kwa mikono miwili. Na naona Binti_Katuba sasa anaongea kama mimi.

Binti_Katuba · #28
Kwa kaye ya kijiji, ndiyo Mwalimu. Kwa programu ya kidhibiti, bado.

Ruashi_Boy · #29
Mimi nashauri Fundi aache pompi achore roboti za barabarani, zile alizozibuni Thérèse Izay, zilizoanza Kinshasa 2013 kisha zikaja na huku. Hali chache: mkono juu, taa nyekundu, kifua kinageuka, taa ya kijani. Umeme wa jua. Memwari inaisha wiki moja.

Likasi_Umeme · #30
Na sentensi ya "manseba wa pikipiki akiona taa nyekundu lazima asimame" utaiweka kwenye bloku ipi?

Ruashi_Boy · #31
Hiyo ni dhana inayochukuliwa kuwa kweli, wewe mwenyewe umeifundisha #5.

Likasi_Umeme · #32
Umenikamata. Lakini umeona kazi yake: dhana isiyo kweli inaharibu masharti yote yaliyo chini yake hata kama kila moja limeandikwa vizuri. Fundi, dhana zako ziko wapi? Umeandika popote kwamba mafuta ya jenereta yapo?

Fundi_Kamalondo · #33
Nimeziongeza jana: mafuta, uzito wa maji yenye matope, na joto la chumba cha pompi. Zinatoka sasa kama sura ya kwanza ya hati, kabla ya masharti. Nimeongeza pia bloku ya msimamizi inayoziamsha pompi moja baada ya nyingine. S-016 imeondoka kwenye pompi, imehamia huko.

Nina swali kwa wenye uzoefu wa mikataba. Hati iliyotoka kwenye modeli imetiwa saini. Baada ya muda modeli imesonga mbele, hati imebaki. Zikipingana, ipi inashinda?

Binti_Katuba · #34
Iliyotiwa saini. Ndiyo maana unagandisha toleo la modeli siku ya saini na kulihifadhi pamoja na hati. Ukiwapa wengine masharti, wape kwa ReqIF, umbo la faili la kubadilishana masharti, namba na viungo visipotee njiani kama vinavyopotea ukituma Word.

Mwalimu_BelAir · #35
Iliyotiwa saini, lakini kwa sababu tofauti na yako. Aliyesaini alisoma maneno, hakusoma mchoro. Huwezi kumfunga mtu kwa kitu asichoweza kukisoma.

Likasi_Umeme · #36
Namba nazo muwe macho. Kiolezo cha Fundi kinahesabu kwa mfuatano. Ukiongeza mpito mmoja katikati, S-031 ya jana inakuwa S-032 leo, na ripoti zote za majaribio zinaelekeza kwenye sentensi isiyo yake. Funga namba kwenye kitambulisho cha ndani cha kipande cha modeli, siyo kwenye nafasi yake kwenye hati.

Fundi_Kamalondo · #37
Nimefunga hivyo tangu asubuhi, na nimekwama mahali pengine. Hali ya KUTOA nimeigawa mbili: KUTOA KWA MTANDAO na KUTOA KWA JENERETA. S-015 ya zamani ilikuwa na jaribio lililofaulu na saini ya mwongozaji. Sasa ina watoto wawili, wote wana vitambulisho vipya. Mmoja arithi lile jaribio, wote wawili, au hakuna?

Binti_Katuba · #38
Hakuna. Yote mawili yapimwe upya.

Likasi_Umeme · #39
Wa mtandao anarithi. Nyaya ni zilezile, programu ya upande huo haikuguswa, na kuzima mgodi mara ya pili kwa ajili ya karatasi ni hatari ya aina yake. Wa jenereta ndiye apimwe.

MzeeWaKenya · #40
Ile siku mlipima, jenereta ilikuwa inazunguka ao ilikuwa imezimwa? Mbele ya kugawa urizi, angalieni ile ku kaye ya majaribio.